Mizani ya Maji

Zamani, katika masoko ya pwani yetu, nafaka iliuzwa kwa kibaba na kwa pishi. Vibaba viwili vilifanya kisaga, na vibaba vinne vilifanya pishi moja. Mnunuzi mwangalifu hakuutazama mtama peke yake. Alikitazama kwanza chombo kilichoupimia. Kibaba kilichobonyea kilimpunja mnunuzi, na kibaba kilichopanuka kilimpunja mwenye duka. Dhuluma ya namna hii ni mbaya kuliko wizi wa usiku, kwa kuwa haina kelele: mtu hunyang'anywa haki yake huku anatazama, tena huondoka akishukuru.

Maji ya mjini nayo yana kibaba chake. Kibaba hicho ni mita. Mara nyingi hukaa katika kishimo karibu na lango, imefunikwa na vumbi, wala hakuna aikumbukaye mpaka siku bili inapoletwa. Insha hii yasimulia historia ya chombo hicho, hasa katika mji wa New York nchini Marekani. Mji huo ulikaa karibu miaka 150 bila kuwapimia maji wengi wa wenye nyumba wake, kisha ukapima, na baadaye ukatengeneza mita zinazojisoma zenyewe. Twaichagua habari hiyo kwa sababu ndani yake mna swali linalotuhusu sisi pia: maji yanapopotea, ni nani alipaye?

Swali hili ni la kale. Katika mwaka wa 97 baada ya kuzaliwa Kristo, Kaisari Nerva wa Roma alimweka Sextus Julius Frontinus kuwa msimamizi wa maji ya mji. Wakati huo Roma ililetewa maji kwa mifereji mikuu tisa. Frontinus hakuridhika na maneno ya watumishi. Alikwenda kupima, akalinganisha aliyoyaona na yaliyoandikwa katika daftari za dola, na hesabu hizo hazikupatana hata kidogo. Maji yaliyoingia katika mifereji kule chanzoni yalizidi kwa mbali yale yaliyoandikwa. Alipoifuatia sababu aligundua mabomba ya siri yaliyopita chini ya njia za mji, na mafundi waliotoboa mabomba ya umma wakawauzia watu maji kwa faida yao wenyewe. Yote hayo aliyaandika katika kitabu ambacho kimesalia mpaka leo. Lakini kipimo chake kilikuwa na upungufu. Alipima upana wa mdomo wa bomba, wala hakuwa na njia ya kupima mwendo wa maji. Mabomba mawili yenye midomo sawa hayatoi maji sawa, ikiwa katika moja maji yaenda mbio na katika jingine yajikokota.

Upungufu huo ulingoja karne nyingi kuondolewa. Miongoni mwa waliotengeneza mita za kufaa biashara alikuwa William Siemens, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Uingereza katika miaka ya 1850. Kanuni ya mita za zamani ni nyepesi kuelewa. Maji yakipita huzungusha gurudumu dogo au kisahani. Hicho huzungusha magurudumu mengine yenye meno, na hayo husogeza tarakimu zilizo usoni pa mita. Lakini kitu kizungukacho huchakaa. Mchanga hukikwaruza, chokaa huganda juu yake, na mzunguko huwa mzito. Kwa kawaida mita iliyozeeka huhesabu pungufu, hasa maji yanapopita kidogo kidogo. Bomba livujalo usiku kucha laweza kumwaga ndoo nzima, na mita kongwe isiandike kitu.

Sasa tuuendee mji wa New York. Mwaka 1832 ugonjwa wa kipindupindu uliwaua maelfu ya watu wake, na mwaka 1835 moto mkubwa uliteketeza sehemu ya biashara ya mji. Misiba hiyo iliwafundisha wakazi kwamba mji mkubwa hauwezi kuishi kwa visima vichafu. Wakajenga mfereji wenye urefu wa kilomita 66 hivi kutoka mto Croton, na tarehe 14 Oktoba 1842 wakafanya sherehe kubwa ya kuyapokea maji hayo. Mji ulipokua, waliyafuata maji ya milima ya Catskill, kisha yale ya mto Delaware. Kila kiu ilipozidi, jawabu lilikuwa moja: kwenda mbali zaidi na kuleta maji mengi zaidi.

Je, watu walilipaje? Majengo mengi ya biashara yalikuwa na mita, lakini nyumba nyingi za kuishi hazikuwa nazo. Mwenye nyumba alitozwa kwa kutazama upana wa nyumba yake upande wa barabara, idadi ya ghorofa, na vyombo kama mabafu na vyoo. Tafakari maana ya utaratibu huo. Jirani wawili wenye nyumba za upana mmoja walilipa fedha sawa, hata kama mmoja aliziba kila tundu na mwenzake akaacha maji yamwagike mchana na usiku. Mwangalifu hakupata thawabu, wala mfujaji hakupata adhabu. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Maji ya New York yalikuwa mali bila daftari.

Kufikia mwaka 1979 mji huo ulitumia kiasi cha lita bilioni 5.7 kila siku. Katika miaka ya 1980 ukame ulirudi mara kwa mara, na mabwawa yakapungua. Ikawa lazima kuchagua baina ya njia mbili: kutafuta mto mwingine kwa gharama kubwa mno, au kuchunga maji yaliyokuwapo. Mji ulichagua kuchunga. Mpango wa kuweka mita katika nyumba zote uliidhinishwa mwaka 1986, na kazi ikaanza mwaka 1988.

Hata hivyo, mita peke yake haisemi. Sharti mtu aisome. Wasoma mita walikwenda nyumba kwa nyumba na daftari zao, mara moja kila miezi mitatu. Mahali pengine walikuta mlango umefungwa, na pengine mita ilikuwa chini ya nyumba, nyuma ya makasha. Msomaji alipokosa kuiona tarakimu, ofisi iliandika makisio. Makisio yalipokuwa makubwa mno, mwenye nyumba alilalamika. Yalipokuwa madogo, alifurahi mpaka siku mita iliposomwa kweli, naye akadaiwa malimbikizo yote kwa mkupuo mmoja. Tena bomba likipasuka chini ya sakafu mwanzo wa Januari, habari ingejulikana Machi au Aprili, baada ya maji na fedha kupotea.

Mwaka 2009 New York ilianza kazi ya kuondoa aibu hiyo. Katika majengo yake zaidi ya 800,000 mafundi walifunga vyombo vidogo vya redio, na palipokuwa na mita kuukuu wakaweka mpya. Chombo hicho huchukua hesabu ya mita na kuipeleka kwa mawimbi hadi kwenye vipokezi vilivyowekwa juu ya mapaa ya mji. Kutoka huko huenda ofisini. Hesabu iliyosomwa mara nne kwa mwaka sasa yasomwa mara kadhaa kwa siku. Tangu mwaka 2011 mwenye nyumba aliyejiandikisha hupelekewa taarifa matumizi yake yanapopanda ghafla, ili akatafute bomba lililopasuka au choo kinachovuja. Hapa ndipo ilipo faida kuu ya uvumbuzi huu. Mita ya zamani ilikuwa shahidi aliyeitwa baada ya mali kuisha. Mita ya sasa ni shahidi anayepiga mbiu wakati mwizi yu mlangoni.

Matokeo yaonekana. Mwaka 1980 New York ilikuwa na watu kama milioni 7.1, na mwaka 2020 walikuwa milioni 8.8. Watu waliongezeka, lakini matumizi ya maji yalishuka mpaka kufikia lita bilioni 3.8 hivi kwa siku. Hata hivyo mwanahistoria mwaminifu haisifu sababu moja na kuzisahau nyingine. Katika miaka ya 1990 mji huo uliwasaidia wenye nyumba kubadilisha vyoo zaidi ya milioni moja, wakaweka vile visivyotumia maji mengi, na mabomba mengi yaliyovuja yalizibwa. Mita ilionyesha njia, lakini watu ndio walioifuata.

Tena mji una wajibu wa kujipima wenyewe. Mfereji mkuu wa Delaware, ulio chini ya ardhi kwa urefu wa kilomita 137, ulivuja kwa miaka mingi, na uvujaji huo ulifikia lita milioni 130 kwa siku. Hakuna mita ya nyumbani iwezayo kumshitaki mwenye mfereji. Anayemhesabia raia matone naye hana budi kuyahesabu mapipa yake.

Liko jambo jingine lenye uzito zaidi. Chombo kijuacho kupima chaweza pia kutengenezwa ili kifunge maji. Mwaka 2004 wakuu wa Johannesburg, Afrika Kusini, walianza kuweka mita za kulipia kabla katika mtaa wa Phiri, Soweto. Kila kiwanja kilipewa lita 6,000 za bure kwa mwezi. Zilipokwisha, maji yalikatika mpaka mtu anunue mengine. Nyumba yenye watu wengi ilipewa sawa na yenye watu wachache. Wakazi watano walikwenda mahakamani. Mwaka 2008 Mahakama Kuu iliwapa haki, lakini mwezi wa Oktoba 2009 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mita hizo hazikuvunja sheria. Ingawa kesi ilikwisha, funzo lake halikwisha. Mita ni shahidi, na shahidi mwema ni neema. Lakini shahidi akifanywa pia hakimu na askari, mnyonge hana pa kusemea.

Basi na sisi je? Jina la Nairobi latokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi, lakini leo mji huo huyategemea maji ya mbali, hasa ya bwawa la Ndakaini lililokamilika mwaka 1994. Kwa miaka mingi zaidi ya thuluthi moja ya maji yaliyotengenezwa kwa ajili ya mji yalipotea bila kulipiwa: mengine yalivuja, mengine yaliibwa kama katika Roma ya Frontinus, na mengine yalipita katika mita zilizochoka. Baadhi ya kampuni za maji za Kenya zimeanza kuweka mita zinazojisoma. Hilo ni jema, lakini lataka hadhari. Katika mitaa ambayo maji huja kwa zamu, hewa hutangulia mabombani na huweza kuizungusha mita ya gurudumu. Hapo mwananchi hulipia upepo. Na mtaa usio na bomba haupati faida yoyote kwa mita za jirani zake. Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 43, yampa kila mtu haki ya kupata maji safi na salama ya kutosha. Haki hiyo hailetwi na redio iliyo juu ya paa. Huletwa na watu wanaozisoma hesabu zake kwa unyofu, na kwenda kuziba palipopasuka.

Ukifika nyumbani au kwenye bweni lako, itafute mita. Funga mabomba yote, kisha uitazame kwa dakika chache. Ikiwa bado yazunguka, pana maji yanayopotea karibu nawe, na yupo mtu anayeyalipia.