Viti Maalum au Mbunge wa Wilaya? Funzo la Uchaguzi wa 2006 Arua na Koboko

Tarehe 23 Februari 2006, mpiga kura wa Ajia, wilayani Arua, alipiga kura ya rais, ya mbunge wa jimbo na ya mbunge mwanamke wa wilaya. Kura hii ya tatu ndiyo inayotuhusu, kwa kuwa sisi walimu na wanafunzi wa Kiswahili huwa twaiita kura ya "viti maalum". Jina hilo linapotosha.

Katiba ya Uganda ya 1995 ilifungua milango mitatu ya kuingia bungeni: majimbo, wanawake wa wilaya, na makundi, yaani jeshi, vijana, wafanyakazi na watu wenye ulemavu. Mwaka 1996 na 2001 wabunge wanawake wa wilaya walichaguliwa na wajumbe wa mabaraza ya ngazi za chini. Mwaka 2006 waliomba kura kwa wananchi wote, tena chini ya vyama vingi. Koboko, iliyotengwa na Arua mwaka 2005, ilipata kiti chake yenyewe.

Kitaifa NRM ilipata viti zaidi ya 200, FDC 37, UPC 9 na DP 8. Arua ilimchagua Christine Abia Bako wa FDC. Koboko ilimchagua Margaret Baba Diri, mama asiyeona, ambaye hapo awali aliwakilisha watu wenye ulemavu. Basi mtu mmoja amepita milango miwili. Tukimwita "mbunge wa viti maalum" katika vipindi vyote, mwanafunzi hatajua ni nani waliomchagua.

Nchini Tanzania, viti maalum hugawiwa vyama kwa uwiano wa kura za ubunge, na majina hutoka katika orodha za vyama. Mwananchi hamwoni mgombea huyo katika karatasi ya kura. Mwanamke wa Arua au Koboko, kinyume chake, alizunguka wilaya nzima akiomba kura.

Kwa hiyo tunapendekeza tuseme "mbunge mwanamke wa wilaya" kwa Uganda, na "viti maalum" tuyaachie mazingira yake ya Tanzania. Mwaka 2005 Katiba ya Uganda ilirekebishwa na kukitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili. Lugha iliyopewa heshima hiyo haina budi kumweleza mpiga kura wa Ajia, bila utata, kura yake imemchagua nani.