Mchezo Mmoja, Kompyuta Mbili

Kabla ya kebo ya SEACOM kuanza kazi Julai 2009, intaneti ya Kenya ilitegemea setilaiti, ghali na ya mwendo wa kobe. Kitengela, kama kwingineko, mchezo wa kompyuta ulifika mkononi: CD yenye mikwaruzo, baadaye flashi.

Mwaka 2014 kampuni ya Marekani, Valve, ilifungua njia mbili za kutumia mchezo mmoja kwenye kompyuta zaidi ya moja, kupitia duka lake la michezo, Steam. Kwa ya kwanza, jamaa waliweza kuazimana maktaba ya michezo, ila mwenyewe akianza kucheza, mwazimaji alipaswa kumpisha.

Njia ya pili ndiyo kubwa kwa nyumba yenye mashine moja nzuri. Kompyuta ya sebuleni huendesha mchezo, picha hupitia ruta hadi laptopu kuukuu chumbani, na kila kitufe kinachobonyezwa hurudisha amri. Bando haliliwi na picha hizo, kwa kuwa hazitoki nje ya nyumba.

Septemba 2024 zikaja Familia za Steam: watu hadi 6 wa nyumba moja, kila mmoja na mchezo wake kwa wakati mmoja.

Anayetaka kujaribu njia ile ya pili aunganishe kompyuta na ruta kwa waya. Kuta za mawe hudhoofisha Wi-Fi, na picha hukwama.