Maneno mawili yaliyonaswa: Jinsi sheria za Kenya zilivyotoka kabatini

Agosti 27, 2025 Katiba ya Kenya ilitimiza miaka 15 tangu Rais Mwai Kibaki aiidhinishe rasmi mbele ya umati uliofurika Uhuru Park, Nairobi. Kila inapoadhimishwa hotuba huwa nyingi, na nyingi husifu ugatuzi, haki za raia na uhuru wa mahakama. Wanaokumbuka kisa cha Mei 2010 ni wachache: maneno mawili ambayo hakuna mbunge aliyeyapigia kura yalionekana katika nakala za Katiba hiyohiyo zikitoka kwa Mpiga Chapa wa Serikali.

Kisa hicho kinafaa kusimuliwa upya wakati huu. Leo mwanafunzi wa Kapenguria au mama mboga wa Likoni mwenye bando kidogo anaweza kufungua sheria yoyote kuu ya nchi kwenye simu bila kumlipa wakili. Tumezoea kiasi kwamba tunadhani mambo yalikuwa hivyo tangu zamani.

Hayakuwa hivyo. Makala haya yanategemea zaidi nakala kuukuu za Gazeti Rasmi na maelezo ambayo Kenya Law, taasisi inayochapisha sheria na hukumu, imekuwa ikiyatoa kujihusu. Nyaraka hizo zinaonyesha wazi kwamba kwa karibu karne nzima sheria ya Kenya ilitangazwa kwa umma bila umma kuiona.

Gazeti Rasmi lilianza kuchapishwa Mombasa Novemba 1899, likihudumia himaya mbili za Waingereza, ya Afrika Mashariki na ya Uganda. Humo ndimo sheria mpya, uteuzi wa maafisa na ilani za ardhi zilimotangazwa, zote kwa Kiingereza. Sheria ya mwaka 1915 ya kuwasajili Waafrika, ile iliyoleta kipande, ilipitia njia hiyohiyo. Utekelezaji wake ulipoanza baada ya Vita Kuu vya Kwanza, maelfu ya wanaume walitakiwa kutembea na karatasi hiyo ndani ya kikopo cha bati kilichoning'inia shingoni. Kisheria walikuwa wametangaziwa, ingawa wengi wao hawakuwa na namna ya kusoma tangazo lenyewe.

Uhuru wa 1963 ulibadilisha bendera na majina, lakini utaratibu ukabaki. Hadi leo ukurasa wa kwanza wa Gazeti Rasmi, linalotoka kila Ijumaa, hueleza kuwa limesajiliwa posta kama gazeti, na bei yake imechapwa papo hapo. Hata hivyo si gazeti ambalo mtu hununua kwa mchuuzi wa magazeti akisubiri matatu. Sheria zenyewe zilikusanywa katika majuzuu yenye kurasa za kuchomoa na kuchomeka: Bunge likirekebisha kifungu, karani alitakiwa kutoa ukurasa wa zamani na kuingiza mpya. Karani asipofanya hivyo, au kurasa mpya zisipofika kutoka Nairobi, hakimu wa wilaya aliendelea kutumia sheria iliyokwisha kufa.

Kwa upande wa hukumu, hali ilikuwa mbaya zaidi. Tangu enzi za ukoloni, maamuzi muhimu ya mahakama yalichapishwa katika vitabu vya ripoti ili majaji na mawakili wayarejelee. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na Mahakama ya Rufaa ya pamoja ikaenda nayo. Kenya ikabaki na mahakama zake lakini bila chombo thabiti cha kuripoti maamuzi yake. Kwa zaidi ya miaka 20 uchapishaji ulikuwa wa kubahatisha, mara mtu binafsi akijitolea, mara kimya kikapita.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hukumu zilipigwa taipu, zikatiwa sahihi na kuwekwa katika faili ya masjala. Aliyezipata ni yule aliyejua zilipo, au aliyejuana na aliyejua. Kampuni kubwa za uwakili zilijijengea makabati yao ya nakala za fotokopi. Wakili wa peke yake Kisii au Garissa aliingia mahakamani akiwa hajui kama jaji mwingine amekwisha kuamua suala lilelile kinyume na hoja yake. Haki ikawa na kabati, na kabati likawa na mwenye ufunguo.

Mwaka 1994 Bunge lilipitisha sheria ya kuunda Baraza la Kitaifa la Kuripoti Sheria, mwenyekiti wake akiwa Jaji Mkuu. Kama ilivyo desturi yetu, baraza lilikuwepo kwenye karatasi kwa miaka kadhaa kabla ya kuanza kazi mnamo 2001. Gladys Boss Shollei, ambaye leo ni Naibu Spika wa Bunge la Kitaifa, aliwahi kuwa mhariri wake. Baraza likajiita Kenya Law, likafungua tovuti na kuchukua kaulimbiu isemayo kwamba habari za sheria ni maarifa ya umma.

Halikuwa wazo la Wakenya peke yao. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kilikuwa kimeanza kuweka sheria kwenye intaneti mwaka 1992, Waaustralia wakafuata 1995, na mwaka 2002 taasisi za aina hiyo zikakubaliana mjini Montreal kwamba sheria ni mali ya pamoja na ipatikane bure. Mwaka 2009 Mwanasheria Mkuu aliikabidhi Kenya Law pia kazi ya kurekebisha na kuchapisha sheria za nchi. Kwa ushirikiano na Google, maelfu ya nakala za zamani za Gazeti Rasmi zilipigwa picha, ukurasa baada ya ukurasa, zikawekwa wazi kwa yeyote.

Sasa turudi Mei 2010.

Wakenya walikuwa wametafuta katiba mpya kwa takriban miaka 20. Mwaka 2005 walikuwa wameikataa rasimu moja katika kura ya maamuzi iliyotumia alama za ndizi na chungwa. Machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007 yakawarudisha mezani, na Kamati ya Wataalamu iliyoongozwa na wakili Nzamba Kitonga ikaandaa rasimu nyingine. Rasimu ilipofika Bungeni, wabunge walikuja na marundo ya mapendekezo ya kuibadilisha. Yote yaliangukia mbali kwa kukosa idadi ya kura iliyohitajika, na Aprili 1, 2010 rasimu ikapita kama ilivyoingia. Bunge zima, pamoja na kelele zake zote, lilishindwa kuhamisha hata koma.

Mei 6 Mwanasheria Mkuu Amos Wako akaichapisha rasmi, tayari kwa kura ya maamuzi. Mitambo ya Mpiga Chapa wa Serikali ikaanza kutoa nakala za kusambazwa kote nchini. Haikuchukua muda kabla ya kugunduliwa kwamba baadhi ya nakala hizo zilikuwa na kitu kipya katika Ibara ya 24.

Ibara hiyo ndiyo mlango wa Sura ya Haki. Inaeleza ni lini na kwa masharti gani dola inaweza kupunguza haki ya raia. Aya moja inasema kuwa jambo mojawapo la kuzingatiwa ni kuhakikisha mtu mmoja, anapofurahia haki zake, haathiri haki za wengine. Ndani ya aya hiyo mtu alikuwa amepenyeza maneno mawili ya Kiingereza yenye maana ya usalama wa taifa. Kwa maneno hayo, haki ya mtu ingeweza kupimwa dhidi ya haki za jirani yake na pia dhidi ya chochote ambacho serikali ingeamua kukiita usalama. Nchi ilikuwa bado inakumbuka vyumba vya mateso vya Nyayo House. Haikuhitaji kuelezwa maneno hayo yangetumiwaje.

Tafrani ikazuka. Wako akayakana maneno hayo, nakala mbovu zikasimamishwa na nakala sahihi zikaagizwa zichapishwe. Makachero wakaingia kwenye jumba la uchapishaji kuhoji wafanyakazi. Kambi ya kijani, iliyounga mkono rasimu, iliona mkono wa watu ndani ya serikali wasiotaka katiba mpya. Kambi nyekundu nayo ikapata hoja ya kampeni: kama maneno yanaweza kuingizwa kwa siri sasa, nani anajua yapi mengine yameingizwa? Vijiweni watu walianza kukagua nakala zao kama wanavyokagua noti ya elfu wasije wakauziwa bandia.

Swali la nani alifanya hivyo na kwa amri ya nani ndilo lililotawala magazeti wakati ule, na ndilo lililosahauliwa upesi zaidi. Mwandishi huyu anaona kwamba la muhimu lilikuwa jingine. Maneno hayo yalinaswa kwa kuwa maandishi yaliyopitishwa na Bunge yalikuwa mikononi mwa watu wengi mno. Wanasiasa, wanahabari, mashirika ya kiraia na makanisa walikuwa na rasimu, na wengi wao walikuwa wameisoma kifungu kwa kifungu, wengine wakitafuta sababu ya kuipenda na wengine sababu ya kuichukia. Maneno mawili yangeingizwa katika sheria ndogo ya miaka ya themanini, nakala yake ikiwa katika kabati moja Nairobi, huenda yangekuwa sheria hadi leo. Sheria hulindwa na wasomaji wake kuliko inavyolindwa na mhuri.

Agosti 4, 2010 theluthi mbili ya wapiga kura walisema ndiyo, na Ibara ya 24 ikabaki bila maneno yale. Tofauti yake ilionekana mwishoni mwa 2014, Bunge lilipopitisha sheria kali za usalama katika kikao cha ngumi na kumwagiana maji. Februari 2015 Mahakama Kuu ilivifuta vifungu vinane vya sheria hizo. Jioni hiyohiyo raia hakuwa na haja ya kusubiri mwanasiasa amweleze majaji walisema nini.

Miaka iliyofuata ilienda kasi. Tovuti imeboreshwa, hukumu zina namba zake maalumu, na utafutaji ni wa dakika chache. Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha, walikuwa wamekwisha kuusoma, kuukatakata vipande vifupi, kuutafsiri kwa lugha za nyumbani na kuusambaza kwenye simu. Wabunge walioambiwa kwa mara ya kwanza na wapiga kura wao ni ukurasa gani una kodi gani walistaajabu. Rais William Ruto akakataa kuutia saini.

Kwa sheria za kitaifa, basi, tuna haki ya kujivunia. Kiswahili tu ndicho kimeachwa nyuma: Ibara ya 7 inakitambua kama lugha ya taifa na lugha rasmi, Katiba yenyewe ilitafsiriwa, lakini sheria tunazoshtakiwa kwazo kila siku bado ziko kwa Kiingereza.

Aibu kubwa iko mashinani. Tangu 2013 tuna kaunti 47, kila moja na bunge lake linalotunga sheria za ushuru wa soko, leseni za biashara, maegesho, pombe na mazishi. Hizo ndizo sheria zinazomgusa Mkenya wa kawaida kabla hajafika Nairobi, na ndizo ngumu zaidi kupatikana. Kenya Law huchapisha zinazofika kwake, lakini haiwezi kuchapisha kisicholetwa. Kaunti moja utakuta sheria yake ya fedha ya mwaka huu, nyingine utakuta ya miaka mitatu iliyopita, na nyingine tovuti ya bunge lake ina picha za wawakilishi wadi wakizindua mambo. Hali ya kaunti leo ni ile ya mahakama zetu baada ya 1977, kwa maana ya kuwa karatasi ipo lakini mwenye ufunguo ni mmoja.

Mahakama zilikwisha kuonya mapema. Aprili 2014 Jaji George Odunga aliifuta Sheria ya Fedha ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakuhusishwa ipasavyo, akataka kaunti ziwafikie watu popote walipo, makanisani, misikitini, kwenye mabaraza na redioni. Zaidi ya miaka kumi baadaye, kaunti nyingi bado huchukulia tangazo dogo gazetini kuwa limetosha.

Dawa haihitaji sheria mpya wala mfadhili. Ibara ya 199 inasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka itangazwe katika Gazeti Rasmi. Makarani wa mabunge ya kaunti watume nakala siku hiyohiyo sheria inapotiwa saini, na Maseneta, ambao kazi yao ni kuzitetea kaunti, wawaulize magavana wasiofanya hivyo. Wafanyabiashara nao wanayo nafasi. Kanjo anapomtaka muuza mitumba wa Gikomba aonyeshe stakabadhi, muuzaji ana haki ya kumuuliza ushuru huo uko katika sheria gani na ulitangazwa katika toleo lipi. Kama hakuna toleo, hakuna sheria, na kama hakuna sheria, hakuna wa kudaiwa.