Njia za Moab

Alipovumbua Charles Steen madini ya urani, mwaka 1952, kusini-mashariki ya mji wa Moab, katika jimbo la Utah, Marekani, watafutaji wa mali walimiminika jangwani na tingatinga zao, wakachonga njia juu ya majabali mekundu, pasina kudhani kwamba njia zile zile zitakuja kuwa tafrija ya wenye magari ya Jeep.

Mwaka 1967 jumuiya ya wafanyabiashara ikaanzisha matembezi ya Pasaka, ikayaita kwa neno letu, safari (ambalo nasi tulilitwaa kwa Waarabu). Siku moja ikawa tisa. Na njia zikapewa daraja, 1 hadi 10, ili dereva, kabla ya kuchagua, apime ustadi wake na uzima wa gari lake.