Bei ya Mwanga: Historia ya Lenzi Pana za Kamera za Telemeta

Wandugu, kila mwaka wakati wa kolasio mambo yanakuwa yale yale. Ukumbi uko na balbu chache, umeme unakuja na kwenda, na wapiga picha wetu wanasukuma flashi mpaka karibu na pua ya profesa. Picha inatoka: sura nyeupe sawa chokaa, nyuma giza tupu, na mama aliyetoka kijijini kumuona mtoto wake akivaa toga haonekani kabisa. Halafu vijana wanakuja kuniuliza kama ile lenzi ya milimita 35 yenye f/1.4, ile ya kamera ndogo za zamani za Wajerumani, ndiyo dawa. Mmoja alikuwa tayari kuuza kompyuta yake.

Mimi najibu kwa historia, juu ya ile lenzi ilitengenezwa kwa ajili ya shida hii hii ya kupiga ndani ya nyumba bila flashi, na waliyoitengeneza walilipa bei kwa kila hatua. Ukijua walilipa nini, utajua wewe unanunua nini.

Tuelewane kwanza juu ya maneno. Kamera ya telemeta iko na vidirisha viwili mbele. Ukitazama ndani unaona sehemu ndogo katikati ambamo kitu kimoja kinaonekana mara mbili. Unazungusha pete ya lenzi mpaka zile picha mbili zinakuwa moja, basi umelenga. Hutazami kupitia lenzi yenyewe. Kamera ya refleksi ni tofauti: ndani iko na kioo kinacholeta mbele ya jicho lako kile ambacho lenzi inaona. Lenzi pana ni ile inayokamata eneo kubwa, tuseme milimita 35 kushuka chini. Na ile tunayoiita ya mwanga mwingi ni ile ambayo namba yake baada ya f ni ndogo. f/1.4 inaingiza mwanga mara mbili kuliko f/2, na mara sita hivi kuliko f/3.5. Hizo hesabu muzikumbuke, nitazirudia.

Mtu wa kwanza kuonyesha dunia kwamba inawezekana alikuwa Erich Salomon wa Berlin. Alikuwa daktari wa sheria (wenzangu wa droit mutafurahi), na kamera aliishika akiwa mtu mzima tayari. Ilikuwa Ermanox, iliyotoka Dresden mwaka 1924 na lenzi ya Ernostar ya f/2, baadaye f/1.8. Aliyebuni lenzi hiyo, Ludwig Bertele, alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, umri wa wengi wanaosoma hapa. Salomon aliingia nayo mahakamani mwaka 1928 akiwa ameificha ndani ya kofia, kisha kwenye mikutano ya wakubwa wa Ulaya, akawapiga mawaziri wakisinzia na kunong'onezana usiku wa manane. Watu walikuwa hawajawahi kuona viongozi wao namna hiyo. Salomon alikuwa Myahudi, na Wanazi walimuua Auschwitz mwaka 1944.

Lakini Ermanox haikuwa na telemeta, ilitumia bamba za kioo moja moja, na lenzi yake haikuwa pana. Ilikamata mtu mmoja au wawili, si chumba kizima.

Mwaka 1932 ndio Leica II na Contax zilitoka, zote mbili na telemeta iliyounganishwa na lenzi. Contax ilipata Sonnar ya milimita 50 yenye f/1.5, kazi ya Bertele huyo huyo. Munaona, lenzi ya kawaida ilikuwa tayari na f/1.5, lakini lenzi pana ya Leica, Elmar ya milimita 35 ya mwaka 1930, ilikuwa f/3.5 tu. Kwa nini pana ilibaki nyuma?

Sababu ya kwanza ni pembe. Mwanga unaoenda kwenye kona za picha unapita lenzi ukiwa umeinama sana, na kadiri tundu linavyokuwa kubwa, ndivyo kona zinavyovurugika. Dawa ni kuongeza vioo vinavyorekebishana. Hapo inaingia sababu ya pili: kila uso wa kioo unaogusa hewa unarudisha nyuma asilimia 4 au 5 ya mwanga, nao unatangatanga ndani ya lenzi na kufanya picha iwe na ukungu. Ukiongeza vioo unaongeza ukungu. Ndiyo maana Sonnar ilishinda nyakati zile: Bertele aliviunganisha vioo kwa gundi, akabaki na nyuso sita tu zinazogusa hewa. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alipata hati ya kupaka kioo ngozi nyembamba sana inayopunguza kurudi kwa mwanga. Mimi naona huo ndio mlango wenyewe. Bila ile rangi ya zambarau munayoiona juu ya kila lenzi leo, lenzi pana ya f/1.4 ingebaki karatasini.

Bertele alijibu kwanza kwa njia nyingine. Katikati ya miaka ya 1930 alitoa Biogon ya milimita 35, f/2.8, ambayo sehemu yake ya nyuma inaingia ndani ya tumbo la kamera mpaka karibu kugusa filamu. Hilo linawezekana kwenye telemeta paka juu ya kukosa kioo cha refleksi katikati. Waliyotengeneza lenzi pana za refleksi walilazimika kuisukuma mbele ili kioo kipate nafasi ya kuruka. Angénieux wa Ufaransa ndiye aliyetoa ile ya f/2.5 ya milimita 35 mwaka 1950. (Kama mtu anakuuzia Biogon ya kabla ya vita pamoja na Contax IIa ya baada ya vita, ukatae: ule mkia wake hauingii.)

Kisha ikaja zamu ya kioo chenyewe. Tangu mwisho wa miaka ya 1930, Wamarekani walianza kutengeneza kioo chenye lanthani, madini ya kundi la ardhi adimu. Kioo cha namna hiyo kinapinda mwanga sana bila kutawanya rangi zake, kwa hiyo mbunifu hahitaji kukichonga kwa mviringo mkali. Baada ya vita Wajapani walikikamata kwa mikono miwili. Mwaka 1950 David Douglas Duncan, mpiga picha wa gazeti la Life, alizijaribu lenzi za Nikkor akiwa Japani, akaenda nazo kwenye vita vya Korea, na wahariri wa New York wakashangaa. Mbele ya hapo wengi kule waliamini Japani inajua kuiga tu.

Mwaka 1956 Nikon ikatoa milimita 35 yenye f/1.8. Mwaka ule ule Canon ikatoa yake ya f/1.8, na mwaka 1958 ikaruka mpaka f/1.5. Leitz, wenye Leica, walikuwa bado kwenye f/2: Summicron ya mwaka 1958. Walijibu mwaka 1961 na Summilux ya f/1.4, iliyobuniwa na Walter Mandler kwenye kiwanda chao cha Midland, Ontario, kule Kanada. Hiyo ndiyo lenzi vijana wanayoniuliza. Ni ndogo kabisa, inaingia kwenye ngumi, na ilibaki sokoni zaidi ya miaka thelathini.

Bei yake? Ukiifungua yote, taa zinavaa ukungu na kona zinalegea. Ukifunga mpaka f/2.8 inakuwa lenzi nyingine, kali kweli. Mandler hakuwa mjinga. Alichagua udogo, na udogo ulikuwa na gharama. Leo watu wanauita ule ukungu «roho ya lenzi» na wanaulipia pesa nyingi. Mimi nauita ukungu, ingawa kwa picha ya mtu mmoja kando ya mshumaa nakubali unapendeza.

Tena kulikuwa na bei ya kutazama. Leica M3 ya mwaka 1954, kamera nzuri kuliko zote za wakati wake, haikuwa na fremu ya milimita 35 ndani ya kidirisha chake: ilikuwa na 50, 90 na 135 tu. Kwa hiyo Leitz walitengeneza lenzi pana zenye miwani, vioo viwili vya ziada vinavyokaa mbele ya vidirisha. Na mpaka leo, kwenye kamera yoyote ya telemeta, lenzi nene ikivaa kofia ya kukinga jua inafunika kona ya chini upande wa kuume. Mtu anayesimama pale humuoni mpaka picha itoke. Ndiyo maana ufupi wa lenzi hizi si urembo. Cosina ilipotoa Nokton ya f/1.2 mwaka 2003, dunia ilipiga makofi, lakini ilikuwa na gramu 490, na kidirisha kililalamika.

Sasa tuje kwenye kushika, maana hapa ndipo telemeta iko na nguvu na udhaifu kwa pamoja. Nguvu yake ni kwamba usahihi wa kulenga unatoka kwenye umbali kati ya vile vidirisha viwili, na umbali huo haubadiliki hata ukiweka lenzi gani. Kwenye refleksi, lenzi pana inafanya kila kitu kionekane kidogo na jicho linababaika. Kwenye telemeta hapana. Mtu akiwa mita 2, milimita 35 kwenye f/1.4 inampa nafasi ya sentimita 28 hivi za ukali, kutoka mbele mpaka nyuma. Milimita 50 kwenye f/1.4 inampa nusu yake tu. Kwa hiyo lenzi pana ya mwanga mwingi na telemeta ni ndoa nzuri.

Udhaifu wake ni kwamba telemeta haioni lenzi inafanya nini. Lenzi nyingi za aina hii zinahamisha mahali pa ukali ukifunga tundu: umelenga jicho kwenye f/1.4, ukageuza f/2.8, ukali umehamia sikioni. Vidirisha vinakuonyesha kwamba umelenga sawa, na kweli umelenga sawa. Hata Leitz, baada ya kuleta vioo visivyo na mviringo kamili mwaka 1990 (vya kwanza vilichongwa kwa mkono) na tena mwaka 1994, ugonjwa huo haukuwaacha mpaka toleo la mwaka 2010, ambalo kundi moja la vioo ndani linasogea lenyewe. Kwa lenzi za zamani dawa ni kuijua yako: weka rula mezani kwa mshazari, mita moja, lenga namba moja, upige f/1.4, f/2, f/2.8, f/4, uone ukali unakwenda wapi. Saa moja inatosha.

Turudi kwa yule ndugu wa kompyuta. Mwaka 1936 Kodachrome, filamu ya rangi, ilikuwa na wepesi wa 10 hivi. Tri-X ya nyeusi na nyeupe ilifika kwenye milimita 35 mwaka 1954. Kwa watu wa wakati ule, kutoka f/3.5 mpaka f/1.4 kulikuwa tofauti ya kupata picha na kuikosa. Kamera ya dijitali ya leo inafanya 3200 bila shida, mara 320 ya ile Kodachrome. Kati ya f/2 na f/1.4 unapata mara 2. Kwa kolasio, harusi au defansi, mimi ningechukua f/2 au f/1.8, fupi na nyepesi, na pesa inayobaki ingekwenda kwenye betri. f/1.4 ningeilipia paka kama kazi yangu ni watu wanaosogea penye taa moja, wacheza muziki kwa mfano, ambapo 1/60 ya sekunde badala ya 1/30 inaokoa mkono wa mpiga gitaa.

Na flashi si dhambi. Jean Depara alipiga usiku wa Léopoldville katika miaka ya 1950 na 1960 akiwa na flashi yake, na wale watu wa baa walijua anawapiga, wakajipanga, wakang'aa. Ni picha za watu wanaotaka kuonekana. Salomon alitafuta kinyume: watu waliosahau kamera. Mbele ya kununua lenzi, uamue wewe uko upande gani usiku huo.

Wale munaotaka kuweka lenzi hizi kwenye kamera za kisasa zisizo na kioo, kwa adapta: inawezekana, na ule ugonjwa wa kuhama utauona kwenye skrini. Lakini zile zenye mkia mrefu sawa Biogon zinatupa mwanga kwa mshazari, na kihisi cha dijitali kinapenda mwanga unaokuja wima; kona zinachafuka. Leica wenyewe walipotoa M8 mwaka 2006 walilazimika kuhamisha vilenzi vidogo juu ya kihisi kwa sababu hiyo.

Na kwa sisi wa nchi za unyevu: kabla ya kutoa pesa, fungua tundu lote, washa tochi ya simu nyuma ya lenzi, tazama ndani kwa mshazari. Ukiona nyuzi sawa buibui, ni kuvu, na imeanza kula ile ngozi ya kioo. Ukinunua safi, usiifungie kwenye mfuko wake wa ngozi. Iweke kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika, na uvikaushe kila mwezi.