"Those" Ilizaliwa kwa "This"

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba wingi wa "this" ni "these", na wa "that" ni "those". Lakini kwa asili, "those" ni ya ukoo wa "this".

Kabla ya Wanormani kuivamia Uingereza mwaka 1066, nomino za Kiingereza ziligawanyika katika jinsi tatu, na kionyeshi kilizifuata: "se" kwa nomino za kiume, "seo" kwa za kike, "thaet" kwa zisizo za upande wowote. Sisi tunaosema kitabu hiki, mti huu, jiwe hili, tusingeushangaa utaratibu huo.

Kadiri karne zilivyopita, miisho ya maneno ilimomonyoka na jinsi zikapotea. "That", iliyokuwa ya jinsi moja tu, ikachukua nomino zote za umoja. Wingi wa "this" ulikuwa "thas". Watu walipozoea wingi mpya, "these", lile umbo la zamani likageuka "those" na kuhamia kwa "that", likaufukuza wingi wake wa awali, "tho".

Palikuwepo pia "yon", ya kitu kilicho kule mbali. Hadi leo inasikika Scotland na kaskazini mwa Uingereza, ila Kiingereza sanifu kimeiacha. Kwangu hiyo ni hasara kubwa, maana sasa "that" peke yake inabeba kazi ya hicho na ya kile.

Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia karibu na York, alichapisha kitabu cha sarufi alichokiandika kwa ajili ya shule ya wasichana. Kilienea mno Uingereza na Marekani. Humo alikataza "them books" akataka "those books". Akakemea pia "these kind of", ingawa Shakespeare alikuwa ameshaitumia katika King Lear karibu karne mbili nyuma. Walimu wengi wangali upande wa Murray: "this kind of" kwa aina moja, "these kinds of" kwa aina nyingi.

Katika "these big houses", "big" haijali kama nyumba ni moja au ni kumi, "these" inajali. Anayeandika "this houses" anateleza mahali ambapo upatanisho wa kale, unaofanana sana na wa kwetu, bado uko hai.