Mtoto Hujifunza Huruma kwa Kuhurumiwa

Leo twauliza: je, ukimbeba mtoto mchanga kila anapolia, utamharibu?

Wengi huambiwa, "Mwache alie, asije akadeka." Lakini tazama desturi yetu ya arubaini. Kwa siku 40 mzazi hupumzika, na mtoto hupokewa na nyanya, mama wadogo na majirani. Akilia, mkono wa kumbeba haukosekani.

Mwaka 1954 mtafiti Mary Ainsworth alifika Uganda. Kwa miezi kadhaa alizuru nyumba 26 katika vijiji vya karibu na Kampala, akiwatazama akina mama na watoto wao. Aliona kwamba watoto waliotulia mara nyingi walikuwa na mama waliowajua vyema. Mama hao wakiulizwa habari za mtoto, walieleza hata mambo madogo madogo. Baadaye, huko Baltimore, Marekani, yeye na mwenzake Silvia Bell walifuatilia watoto wengine. Mwaka 1972 wakaandika kwamba walioitikiwa haraka miezi ya mwanzo walilia kidogo walipokaribia kutimiza mwaka. Kumbe kumwitikia si kumdekeza!

Hapa Mombasa, mwaka 1986 ulianza mpango wa chekechea za madrasa, ukiongozwa na Bi Swafiya Said kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Walimu walitoka katika jamii yenyewe, na watoto walijifunza kwa kucheza pamoja. Mpango ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda 1993. Lakini mtoto akifika chekechea, tayari ameona nyumbani jinsi mwenye shida anavyotendewa. Aliyefarijiwa ndiye ajuaye kufariji.

Basi mama, fanya hivi. Mtoto akilia, mwitikie, umtazame usoni, umwambie, "Umeumia, pole mwanangu." Akimpiga mwenzake, usimpige, mwonyeshe machozi ya mwenzake, umfundishe kusema pole. Ukichoka, mpe nyanya au shangazi ambebe. Akilia bila kunyamaza, akiwa na homa au akikataa kunyonya, mpeleke kliniki mara moja.

Mwana umleavyo ndivyo akuavyo.